Mawese Ndani ya Kabureta

Masika, mtoto wangu wa kwanza na, kwa jinsi mambo yalivyo, wa mwisho,

Umetoka kwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, na begi lako liko hapa mlangoni, lile jipya alilokununulia Mama Zaituni, mke mwenzangu. Lina magurudumu. Nimelisukuma kwa mguu huku na huku sebuleni kama mtu anayemchokoza mbwa wa jirani. Ni begi zuri, zipu zake hazikwami. Nilitamani zikwame.

Sitakuandikia juu ya neti ya mbu, wala maji ya kuchemsha, wala kupiga simu ukifika. Hayo nimeyasema mpaka umeanza kunijibu kabla sijamaliza. Nakuandikia juu ya gari, kwa sababu kesho asubuhi unaondoka nalo kwenda kuishi Bwera, na kwa sababu unaondoka ukiwa umemnunia mtu asiyestahili. Umemnunia Mama Zaituni kwamba alikuletea petroli chafu ikaua gari lako. Petroli yake haikuwa chafu. Niliichafua mimi.

Tafadhali soma mpaka mwisho kabla hujanifuata.

Sikulipenda gari lile tangu siku baba yako alipolivuta mpaka hapa uani, limefungwa kamba nyuma ya lori. Alikuwa amelinunua kwa familia moja ya Kilembe. Mzee wao alilipata zamani, mgodi ulipokuwa bado na kazi. Milango miwili, pua ndefu, kabureta mbili zimekaa ubavuni mwa injini kama mapacha. Gari la mbio, kubwa kwangu kwa umri, na kutu imelila chini ya milango. Baba yako, ambaye hukaa zaidi na malori yake huko Butembo kuliko anavyokaa na mtu yeyote, akakupa ufunguo na kusema, "Ukiliwasha ni lako." Ulimrukia shingoni.

Mimi nilikuwa nimesimama pale na madaftari ya wanafunzi mkononi. Nilikulipia shule. Nilikushonea sare kwa mkono usiku wa kuamkia muhula. Sikumbuki ulinirukia shingoni kwa lolote kati ya hayo. Nami sikudai, maana hakuna mtu anayedai kitu cha namna hiyo. Nilirudi ndani nikasahihisha kazi za kemia kwa kalamu nyekundu, na watoto wa watu wakapata alama mbaya kuliko walivyostahili.

Halafu ukaanza kwenda Bwera ili Mama Zaituni akufundishe. Kwao ni watu wa malori tangu babu yake. Amekulia kwenye yadi, anajua injini kwa kusikiliza. Ulikwenda kwake Idd, ukarudi na hina viganjani na grisi chini ya kucha, na kila ulichosema kilianza na "Mama Zai anasema." Mama Zai anasema kabureta mbili lazima zivute pumzi sawa, ukiweka mpira wa bomba sikioni utasikia. Mama Zai anasema usikaze skrubu ya hewa kwa hasira. Nilikuwa naosha vyombo nimekupa mgongo. Sikio langu lote lilikuwa kwako, na nilikuwa nachukia kila neno nililojifunza.

Ninayo historia na jambo hili, na wewe umo ndani yake ingawa huikumbuki. Nilikuzaa nikiwa bado kwenye sare ya shule. Bibi yako akasema nenda kasome, mtoto nitalea mimi, na mimi nikaenda. Nilikuwa nikirudi likizo kutoka Fort Portal na biskuti kwenye mfuko, wewe unajificha nyuma ya kitenge cha bibi na kuchungulia. Ulimwita yeye mama. Mimi uliniita kwa jina langu, kama wakubwa walivyoniita. Bibi alikuwa akicheka, "Mwite mama, huyu ndiye mama yako," na wewe unatikisa kichwa. Nilimwonea wivu mama yangu mzazi, mwanamke aliyekuwa akinifulia nguo za mtoto wangu ili mimi nipate shahada. Nilianza kumtafutia makosa. Uji umeuweka mzito mno, mtoto umemfunga vibaya. Alikuwa akinyamaza. Ulipokuja kukaa nami, nikidhani yote yamekwisha, nikagundua kwamba wivu ule haukuwa wa bibi. Ulikuwa wangu, na ulihamia nami nyumbani kama kiti.

Sasa petroli.

Siku ile dereva wa Mama Zaituni alipopita na lori, gari ulikuwa umeshaliwasha, na wewe ulikuwa kanisani. Alishusha jerikani moja, akasema, "Mwalimu, mama amesema hii ni ya Masika, ya safari. Ni safi, ametoa kwenye tangi yake mwenyewe." Jerikani ilikuwa imepakwa rangi ya kijani kwenye mpini, alama ya yadi yao, ili wachuuzi wa mpakani wasizibadilishe. Nilishukuru vizuri. Nilimpa dereva maji ya kunywa. Kisha nikaitazama ile alama ya kijani chini ya paa langu na nikaona siwezi. Ningekuwa naiona kila ninapokwenda jikoni. Nikamwambia asubiri. Nikaenda nyuma, nikachukua jerikani yangu, nikahamishia petroli humo, nikamrudishia yake tupu. Alishangaa kidogo, lakini kwa mtu wa kutumwa jerikani iliyorudi ni faida.

Jerikani yangu ilikuwa ile ya mawese. Unajua nisivyoweza kupika sombe, kisamvu chetu, kwa mafuta mengine. Nilikuwa nimeiosha kwa maji ya moto, sabuni na majivu, nikaianika juani mpaka harufu ikaisha. Mimi ni mwalimu wa kemia na nilijiridhisha kwamba ni safi. Nilisahau mpini. Mpini wa jerikani una uwazi ndani, na kila unapoiinamisha kumimina, mafuta hupanda humo. Maji ya kuoshea hayafiki vizuri, na yakifika hayachukui shahamu iliyoganda. Petroli inachukua. Petroli huyeyusha mafuta ya mawese kuliko sabuni yoyote uliyowahi kununua Kasese. Nilimimina petroli ya mama mwenzangu katika jerikani yangu, ikanioshea mpini kwa ndani, na uchafu ukaingia kwenye tangi lako.

Ukalijaza gari. Jioni lilinguruma vizuri, ukanizungusha mpaka barabara ya Kilembe na kurudi, nikashika mlango kwa mikono miwili na kukuomba upunguze. Asubuhi halikuwaka. Ulilizungusha mpaka betri ikalegea. Saa sita, mabati yalipoanza kulia kwa jua, ukajaribu tena kwa kukata tamaa tu, likawaka mara moja. Kesho yake vilevile: asubuhi limekufa, mchana linafufuka.

Kila aliyepita uani alitoa dawa. Fundi wa kule stendi alisema ni joto la Kasese, petroli inachemka ndani ya bomba na kugeuka mvuke, magari ya kabureta ndivyo yalivyo huku bondeni. Funga kitambaa chenye maji kwenye bomba, alisema. Ulifunga. Mimi nilikuwa dirishani nikijiambia: gari linalouawa na joto hufa mchana. Hili linakufa kwa ubaridi wa alfajiri, upepo unaposhuka kutoka mlimani, na linaponywa na jua. Kwa hiyo kuna kitu humo ndani kinachoganda.

Asubuhi moja ulipokwenda kuchaji betri, nilifungua boneti. Nilikuwa nimeshasikia masomo yote ya Mama Zai nikiwa nimekupa mgongo, kwa hiyo nilijua pa kushika. Nilifungua bakuli la kabureta ya mbele. Petroli iliyobaki humo ilikuwa imekauka usiku kwa moto wa injini, na chini yake pamebaki utando wa rangi ya machungwa, laini kama marhamu. Jeti, lile tundu dogo linalopitisha petroli, lilikuwa limezibwa na kidonge cha shahamu. Nilikigusa. Kiliyeyuka kati ya vidole vyangu, na hapo uani, juu ya injini ya gari la mbio, nikanusa jiko langu.

Nilijua kila kitu wakati ule. Ilikuwa kazi ya adhuhuri moja tu: kumwaga tangi, kubadilisha filta, kuosha jeti kwa petroli safi. Ungeondoka wiki ileile. Nikarudisha bakuli na shahamu yake humo humo. Nikakaza skrubu zote. Nikanawa mikono.

Ukarudi na betri, nikakuambia, "Tulitafute pamoja hili tatizo." Ulinitazama kama mtu aliyeona mwalimu mkuu anacheza mpira. Halafu ukacheka, ukanitupia ovaroli ya baba yako.

Masika, zile wiki. Nilikuuliza swali la kwanza ambalo kila fundi huuliza: petroli inafika kwenye kabureta au haifiki? Tulichomoa bomba, tukalitia kwenye chupa ya soda, ukazungusha ufunguo, na pampu ikatema petroli kwa nguvu, tuk, tuk, tuk. Inafika. Maana yake pampu ni nzima, bomba ni zima, na ugonjwa uko mbele, ndani ya kabureta. Mtu yeyote mwenye akili angefungua kabureta. Mimi nikasema, "Sasa tuangalie tangi."

"Mama, si tumeona inafika? Kwa nini turudi nyuma?"

"Fundi mzuri habahatishi. Anahakikisha."

Ukaniamini, kwa sababu nilitumia sauti ya darasani.

Tukajaribu kifuniko cha tangi, kama kinaziba hewa. Tukapuliza bomba kwa mdomo, wewe mbele na mimi nyuma nikisikiliza mapovu, nikapata petroli kooni, na chai yangu ikanuka petroli mpaka kesho yake. Tukashusha tangi lenyewe, tukamwaga, tukatia mnyororo wa baiskeli na kokoto, tukalitikisa mimi na wewe kama wanawake wawili wanaopepeta, tukitoa kutu. Kisha nikarudisha ndani petroli ileile, nimeichuja kwa kitambaa mbele yako ili uone jinsi mama yako alivyo makini. Kitambaa hakizuii mafuta yaliyoyeyuka. Nilijua. Uliniambia mambo siku zile ambayo hukuwahi kuniambia: kwamba huogopi mvua ya radi, ulikuwa unajifanya ili nije kulala kwako, kwamba ulikuwa ukisoma madaftari yangu ya chuo, kwamba kuna kijana wa Kinyamaseke na nisiulize jina. Uliniita fundi mwenzangu. Sikutaka lipone. Ningekufungulia gari lile bomba kwa bomba mpaka uzeeke hapa uani kwangu.

Ndipo ukampigia yeye simu. Nilikusikia ukimwambia, "Mama Zai, tumeshindwa." Hilo "tumeshindwa" lilikuwa letu wawili, na wewe ukampa.

Alikuja Ijumaa baada ya swala, kwenye lori lake, na mtandio wake mweupe. Hakuomba hata maji. Alifungua bakuli ulilodhani hatujawahi kulifungua, akatia kidole, akanusa, akasema, "Hii iko mawese." Ukauliza mawese yameingiaje kwenye gari. Akasema, "Wewe tosha hiyo jeti inje, uoshe. Mimi naenda kuona jerikani." Akaenda jikoni, mimi nyuma yake.

Jerikani ilikuwa pale. Aliinyanyua, akaielekeza juani, na mpini ukang'aa machungwa kwa ndani, juu kidogo, mahali ambapo petroli haikufika. Akaiweka chini taratibu sana.

"Mwalimu, jerikani yangu iko na rangi ya kijani."

Niligeuka kufunika sufuria.

"Mutoto anajua?"

"Hajui."

Alinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, na ningezijibu, Masika. Nilikuwa na maneno yangu ya miaka mingi. Yeye akafunga kifuniko cha jerikani, akajifuta kidole kwenye mlango wa jiko langu, akasema, "Basi leo sombe yako itakuwa kavu." Akatoka.

Nilimfuata mpaka kona ya nyumba. Nikamsikia akikuambia, "Mutoto wangu, unisamehe. Kosa ni ya kwetu. Vijana wa yadi wamechanganya jerikani."

Mengine unayakumbuka. Uliruka juu. Ulimwambia kwamba wiki zako zote zimepotea kwa uzembe wake, kwamba mimi nimetikisa tangi mpaka mgongo ukaniuma kwa ajili ya uchafu wa yadi yake. Ulisema, "Kama ni mama yangu angeangalia kabla ya kutuma." Yeye aliinamisha kichwa na kuendelea kuosha jeti. Mimi nilikuwa kwenye kona, nimeegemea ukuta, na neno lile liliniingia tamu. Mama yangu angeangalia. Nilitaka ulirudie.

Tangu siku ile umekuwa wangu. Umenipikia chai. Umekaa nami nje jioni. Umesema utakwenda Bwera kwa sababu tu kazi ya yadi ni nzuri, lakini gari lako hataligusa mtu yeyote wa kule, yeye wa kwanza. Simu yake inalia, unaigeuza kifudifudi mezani. Nimefaidi kila siku ya hasira yako kwake. Nimekula mpaka nikashiba.

Lakini kuna kitu kinaniamsha, na sitaki ufikiri ni dhamira njema. Ingekuwa dhamira ningekuambia siku ya kwanza. Ni kwamba yule mwanamke amebeba mzigo wangu na ameubeba kimya, na kila ninapouwaza naona anaubeba vizuri kuliko ambavyo ningeubeba mimi. Amekuoshea gari, amekuoshea na mama. Bibi yako alinyamaza namna hiyohiyo na nikamchukia kwa hilo. Nimekaa hapa nikajiuliza: kama ningemkuta Mama Zaituni na jerikani yenye aibu yake, ningefanya nini? Ningekuita uje uone. Ningeshika mpini juani mimi mwenyewe ili uone vizuri. Najua hivyo, na yeye nadhani anajua.

Wivu umenifanya niwe mwerevu, hilo ndilo nililojifunza, na ni somo la ajabu kumpa mtoto. Sijawahi kuwa fundi mzuri kama nilivyokuwa nikikudanganya. Ukiona siku moja unamwelewa mtu kwa undani mno, unajua kila skrubu yake na wapi ikazwe, jiulize kwanza unataka afike au abaki.

Sasa gari. Lile tangi amelimwaga yeye, na petroli iliyomo ni mpya. Lakini shahamu ndogo inaweza kuwa imebaki kwenye bomba kati ya pampu na kabureta ya nyuma, pale kwenye kona ambapo hamkufika kwa sababu ulikuwa unagombana. Kama likikata moto kesho kwenye ubaridi, kabla ya Kikorongo, usilizungushe mpaka betri iishe. Zima. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto ya chupa ya chai, ufunike bakuli la nyuma, usubiri kidogo. Litawaka. Ukifika, chomoa bomba lile ulisukutue kwa petroli safi. Nimekuwekea jeti mbili za akiba kwenye kikopo cha kahawa. Nilizinunua siku ile ya kwanza nilipofungua kabureta, nikazificha. Kwa hiyo unaona.

Mpini wa jerikani nimeukata kwa msumeno, uko juu ya begi lako. Tazama ndani, usije ukadhani namsingizia mtu au najisingizia mimi.

Kuhusu Bwera, sina la kukuzuia. Utajifunza mengi, na utarudi hapa na "Mama Zai anasema", nami nitaosha vyombo. Sikuahidi kwamba nitafurahi. Huenda akakufundisha hata kunisamehe, na hilo nalo litaniuma kwa sababu litakuwa kazi yake. Mkiwa mnacheka huko yadini, mimi nitakuwa hapa nikijua mnacheka.

Ila kitu kimoja nakuomba, na si kwa ajili yake. Ukimaliza kusoma, geuza simu yako, umpigie, umwambie umejua. Yale uliyomwambia siku ile, yachukue yote, neno kwa neno, usipunguze, uje uyaseme mbele yangu. Piga mlango teke ukitaka. Vunja kikombe. Nitakuwa nimekaa jikoni. Ana hina yako, ana Idd yako, ana masikio yako, na kuanzia kesho ana asubuhi zako. Hasira hii ni yangu, niliitengeneza kwa mikono yangu mwenyewe, na siwezi kulala nikijua kwamba hata hiyo umempa yeye.

Mama yako